Mto Uliofanywa Mfereji: Kanuni za Majitaka katika Panda, Likasi, 1914–2018

Utangulizi

Kila kanuni inayohusu majitaka hujibu maswali matatu, ama kwa kutamka ama kwa kunyamaza. Mfereji ni wa nani? Ni kitu gani kinachoruhusiwa kuingia ndani yake? Na ni nani anayeishi mahali mfereji huo unapoishia? Katika miji mingi iliyozaliwa na viwanda, maswali mawili ya mwanzo yameandikiwa vifungu virefu. Swali la tatu aghalabu limeachwa lijijibu lenyewe, na kwa kawaida limejibiwa na miili ya watu wasiokuwapo wakati kanuni zilipotungwa.

Makala hii inachunguza namna maswali hayo yalivyojibiwa katika Panda, mojawapo ya komuni nne za mji wa Likasi katika mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Komuni nyingine ni Kikula, Likasi na Shituru. Ni kawaida kusikia kwamba uchafuzi wa mito ya Katanga umetokana na kukosekana kwa sheria. Hoja inayotetewa hapa ni tofauti. Sheria zilikuwapo tangu mwaka 1914, tena hazikuwa chache. Tatizo ni kwamba zilimlenga mtu aliyebeba beseni, si kiwanda kilichotiririsha. Zililinda chanzo cha maji, si mwisho wake. Na kwa muda mrefu ziliandikwa kwa lugha ambayo wengi wa waliotakiwa kuzitii hawakuisoma. Mto ukawa ndio mfereji wa umma, ila haukupewa kanuni za mfereji wala hadhi ya mto.

Panda na Kazi ya Maji

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga (UMHK) iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Madini ya shaba ya eneo la Likasi na Kambove yalijulikana tangu kale kwa wafua shaba wa Katanga, na kampuni ilipofika ilikuta mashimo yaliyokwisha kuchimbwa. Katika miaka ya 1920 ilijenga Panda kiwanda cha kutenganisha madini na mawe, pamoja na tanuri za umeme. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kazi. Mji uliokua kuzunguka viwanda hivyo ulipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkuu wa Société Générale de Belgique. Mwaka 1966 ulirudishiwa jina la Likasi.

Ili kuelewa kanuni za majitaka, budi kwanza kuelewa kazi ya maji katika viwanda hivi. Penye tanuri, shaba hupatikana kwa moto. Shituru haikutegemea moto, ilitegemea maji na asidi. Mawe ya madini yaliyosagwa huchanganywa na asidi ya salfa, na asidi huyeyusha shaba hata ikawa kimiminika cha buluu. Umeme hupitishwa ndani ya kimiminika hicho, nayo shaba hujishika kwenye mabamba. Njia hii ya elektrolisisi ina faida kubwa kwa madini ya aina ya Katanga. Lakini asidi haichagui. Pamoja na shaba huyeyusha kobalti, chuma, manganizi, zinki na metali nyingine zilizomo katika jiwe. Kampuni iliitaka shaba, na baadaye kobalti. Vilivyobaki, yaani matope na maji yaliyochoka, vilihitaji mahali pa kwenda.

Dawa ya maji hayo ilijulikana tangu mwanzo, nayo ni chokaa. Likasi haikupungukiwa na chokaa, kwa kuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya Kakontwe yamo mjini humo. Chokaa hupunguza ukali wa asidi, na asidi inapopungua metali hugeuka kuwa chembe zikatuama. Hata hivyo metali hazituami kwa pamoja. Chuma hutangulia, maji yakiwa bado machachu. Shaba hufuata yanapokaribia kuwa ya kawaida. Kobalti na manganizi huchelewa, na huhitaji chokaa zaidi. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa yamekwisha kupoteza ukali ulimini, na bado yakawa yamebeba kobalti. Jambo hili dogo la kikemia lina uzito katika historia inayofuata, maana kanuni inayopima uchachu peke yake inaweza kutimizwa bila mwenye kuishi chini ya mto kupata nafuu.

Kanuni za Mwanzo: Chemchemi, Ua na Choo

Sheria ya mali ya koloni ilitangaza kwamba maji ya mito na maziwa ni mali ya dola, na kwamba haki ya kuyatumia ni ya wote, isipokuwa pale sheria au idhini maalumu ilipoamua vingine. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ina sura ya haki sawa. Sehemu ya pili, ile ya isipokuwa, ndiyo iliyokuwa mlango wa kampuni. Katika Katanga, idhini za ardhi na madini zilikuwa mikononi mwa Comité Spécial du Katanga, chombo kilichoundwa mwaka 1900. Chombo hichohicho kilikuwa na hisa kubwa katika UMHK. Mtoa idhini alikuwa mbia wa mwombaji. Si lazima kudhani hila yoyote ili kuona kwamba mpangilio wa namna hiyo haukumpa mtu sababu ya kuuliza kwa ukali maji ya kiwanda yanaishia wapi.

Tarehe 1 Julai 1914 ilitolewa amri kuhusu kuchafuliwa kwa chemchemi, maziwa na mito. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya aina hiyo katika eneo hili la Afrika. Madhumuni yake yalikuwa kulinda mahali watu wanapoteka maji ya kunywa. Mtazamo wake ulikuwa wa daktari wa wakati ule: adui ni kijidudu, na kijidudu huletwa na kinyesi, mizoga, nguo chafu na taka za nyumbani. Mtazamo huo ulikuwa na msingi. Katika miaka ya mwanzo ya migodi, vifo vya wafanyakazi vilikuwa vingi mno kwa homa ya matumbo, kuhara damu na maradhi ya mapafu. Mnamo miaka ya 1926 hadi 1928 UMHK ilipobadili siasa yake ya ajira, ikaacha kutegemea vibarua wa muda mfupi na kuanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto kwa mikataba ya miaka mitatu, usafi wa kambi ulipata kuwa sehemu ya hesabu za uzalishaji. Kambi za kampuni ziliwekewa mabomba, vyoo, zahanati na wakaguzi.

Sheria ziliendelea kuongezeka. Amri ya mwaka 1952 kuhusu idhini na usimamizi wa maji ilifuatwa, tarehe 21 Desemba ya mwaka huohuo, na kanuni za kulinda chemchemi, maji ya chini ya ardhi, maziwa na mito, na kuzuia uchafuzi na ubadhirifu wa maji. Tarehe 12 Februari 1953 ilitoka amri kuhusu majengo ya kazi yenye hatari, yenye kudhuru afya au yenye kero, ambayo hayakuruhusiwa kufunguliwa bila kibali. Tarehe 28 Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, ilitoka amri kuhusu usafi katika makazi ya watu, iliyomwajibisha mkaaji kuhusu ua wake, taka zake, choo chake na maji yaliyotuama mbele ya nyumba yake.

Mtu akizisoma amri hizi kwa pamoja huona mwelekeo wake. Kadiri mchafuzi alivyokuwa mdogo, ndivyo kanuni ilivyokuwa wazi: usimwage hapa, usifue pale, funika choo, fukia shimo. Kadiri mchafuzi alivyokuwa mkubwa, ndivyo kanuni ilivyogeuka kuwa utaratibu: omba kibali, ambatanisha ramani, subiri uamuzi. Kwa mkaaji wa kambi ya Panda kanuni ilikuwa katazo, lakini kwa kiwanda ilikuwa barua.

Ni haki pia kukumbuka hali ya Ulaya yenyewe. Uingereza ilipata sheria ya kuzuia uchafuzi wa mito mwaka 1876, na mwaka 1937 ikatunga sheria iliyovipa viwanda haki ya kupeleka majitaka yao katika mifereji ya umma kwa masharti ya mamlaka ya mji. Ubelgiji ilichelewa. Sheria yake ya kulinda maji dhidi ya uchafuzi ni ya tarehe 11 Machi 1950, na sheria iliyotenganisha waziwazi maji yanayomwagwa mtoni, yanayomwagwa katika mfereji wa umma na yanayomwagwa katika njia za maji ya mvua ni ya tarehe 26 Machi 1971. Kufikia hapo Kongo ilikuwa imekwisha kuwa nchi huru kwa miaka kumi na mmoja. Tofauti hiyo ya aina tatu za mapokeo ya maji, ambayo ndiyo kiini cha kanuni za kisasa, haikuwahi kufika Panda kwa njia ya koloni.

Kwa Nini Mfereji Una Kanuni

Umuhimu wa tofauti hiyo unafahamika zaidi kwa mfano wa Afrika ya Mashariki. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 zina jedwali moja la viwango vya majitaka yanayoachiwa katika mazingira, na jedwali jingine la yale yanayopelekwa katika mfereji wa umma. Kipimo cha oksijeni inayohitajiwa na vijidudu kuozesha uchafu hakitakiwi kuzidi miligramu 30 kwa lita katika jedwali la kwanza, lakini kinaruhusiwa kufika 500 katika jedwali la pili. Msomaji asiyejua kazi ya mfereji anaweza kudhani kwamba hilo ni legezo. Sivyo. Mfereji wa umma unaruhusiwa kupokea uchafu mzito kwa sababu mwishoni mwake pana mtambo au mabwawa ya kusafishia, na watu wanaowajibika kuyasimamia.

Kwa sababu hiyohiyo mfereji hukataa vitu fulani kabisa. Asidi hula saruji ya mabomba. Mafuta na vimiminika vinavyowaka huweza kulipuka chini ya barabara na kumwua fundi aliyeshuka kuzibua. Metali huua vijidudu vinavyofanya kazi ya kusafisha, na matope yaliyobaki hayafai tena kuwa mbolea. Kanuni ya mfereji, kwa hiyo, humlinda fundi, bomba, bwawa, na hatimaye mto.

Likasi iko katika nchi ambamo mitambo ya kusafishia majitaka ya mijini imekuwa adimu. Maji ya viwanda yalipita katika mitaro hadi mto Panda na mto Buluo, na kupitia mito hiyo yakaingia bonde la Lufira. Mito hiyo ilifanya kazi yote ya mfereji: ilipokea, ilibeba na ilificha. Ila hapakuwa na fundi wa kulindwa, hapakuwa na bomba la kuharibika, wala bwawa la kusafishia lililoweza kufa na kumfanya meneja apige kelele. Asidi inapokula bomba la mji, mji hulalamika kesho yake. Asidi inapokula mto, anayelalamika ni mtu aliye mbali na ofisi.

Mwagaji na Mtiririko

Lugha nayo ina sehemu yake katika historia hii. Amri zote zilizotajwa ziliandikwa kwa lugha za serikali ya koloni, kwanza kwa Kifaransa. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Johannes Fabian ameonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya koloni, namna Kiswahili cha Katanga kilivyoenezwa na kusimikwa kama lugha ya kuongoza wafanyakazi waliotoka pande nyingi. Lugha ya kuongoza hupewa kwanza vitenzi vya amri. Ndiyo maana kanuni za usafi zilimfikia mkaaji wa Panda kwa umbo la agizo fupi la mkaguzi au la kapita, wala si kwa umbo la sheria yenye vifungu, sababu na njia ya kukata rufaa.

Kiswahili chenyewe hutofautisha vizuri matendo mawili ambayo sheria iliyachanganya. Kumwaga kuna mtendaji: mtu ameshika chombo, amekiinamisha, na anaweza kukamatwa. Kutiririka hakuna mtendaji; maji hutiririka kana kwamba yameamua yenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida mama wa kambini humwaga maji ya kufulia, lakini maji ya kiwanda hutiririka, hupita, hushuka. Sarufi haihukumu, lakini huzoesha sikio. Jamii inayosema kwamba maji ya kiwanda yanatiririka imekwisha kumwondoa mtiririshaji katika sentensi, na ni vigumu kumshtaki asiyekuwamo katika sentensi. Kiswahili kina kitenzi cha kumrudisha, nacho ni kutiririsha.

Msamiati wa taasisi nao unasema mengi. Nchini Tanzania majina ya mamlaka za maji za miji yalizoesha watu kuyaweka pamoja maneno mawili, majisafi na majitaka, kama kwamba moja haliwezi kutajwa bila jingine. Katika Kongo, shirika la maji lililoundwa mwaka 1939 na linalojulikana hadi leo kwa jina la Régideso lilipewa jina linalotaja ugawaji wa maji. Maji yaendayo nyumbani yalikuwa na shirika. Maji yatokayo nyumbani, na zaidi yale yatokayo kiwandani, hayakutajwa katika jina hilo. Katika Kiswahili cha Katanga watu husema mayi ya buchafu, na neno hilo hutumika kwa maji ya beseni na kwa maji ya kiwanda vilevile. Mtaani uchafu ni mmoja. Ilikuwa kazi ya sheria kuutenganisha, kwa kuwa maji ya sabuni hupona baada ya siku chache mtoni, lakini kobalti haiozi.

Mwisho wa Mfereji: Ziwa Tshangalele

Elektrolisisi huhitaji umeme mwingi. Ili kuupata, maporomoko ya mto Lufira yalijengewa bwawa na kituo cha umeme cha Mwadingusha, kilichoanza kazi mwaka 1930. Nyuma ya ukuta wa bwawa hilo maji yalitanda juu ya nchi tambarare, likazaliwa ziwa la Tshangalele, ambalo pia huitwa ziwa la Lufira. Mito ya Likasi, ikiwamo Panda na Buluo, hupeleka maji yake upande wa juu wa ukuta huo. Ziwa lililojengwa ili kukipa kiwanda nguvu ndilo likawa shimo la kupokea takataka za kiwanda hicho. Kampuni ilijijengea mwanzo wa kazi yake na mwisho wake katika bonde moja, ingawa hakuna aliyelipanga ziwa hilo liwe bwawa la majitaka.

Kwa kuwa mwendo wa maji hupungua yanapoingia ziwani, chembe zilizobebwa hutuama. Huo ndio mwenendo wa bwawa lolote la kusafishia: maji hupumzika, uchafu hushuka, na yanayotoka upande wa pili ni safi zaidi. Tofauti ni kwamba bwawa la kusafishia huzungushiwa uzio na matope yake huzolewa. Tshangalele halikuzungushiwa chochote. Wavuvi walilifuata, vijiji vikakua kandokando, na samaki wake wakauzwa Kapolowe, Likasi na Lubumbashi. Katika matope yake watu walilima mboga wakati maji yalipopungua. Mwaka 1982 bonde la Lufira liliandikishwa na UNESCO kuwa hifadhi ya baiolojia. Hivyo mahali pamoja palikuwa na sifa tatu: akiba ya umeme, hifadhi ya viumbe, na mwisho wa mfereji usiokuwa na jina.

Matokeo yake yalipimwa kwa kuchelewa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, wakiongozwa na Banza Lubaba Nkulu, walichapisha uchunguzi wa mkojo wa wakazi wa maeneo ya migodi ya Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi au viwanda walikutwa na kobalti, arseniki, risasi, kadimi na urani kwa viwango vilivyozidi vya wale walioishi mbali. Kwa upande wa kobalti, watafiti walisema kwamba viwango hivyo vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida wasio wafanyakazi wa viwanda, na kwamba watoto ndio walioathirika zaidi. Mwaka 2010 Katemo Manda na wenzake walichapisha uchunguzi wa mlolongo wa chakula katika bonde la juu la Lufira, wakafuata metali hizo kutoka majini hadi kwa viumbe wanaoliwa na binadamu. Swali la tatu, lile la nani anaishi mwisho wa mfereji, lilipata hapo jibu lenye takwimu.

Baba Alipoondoka

Tarehe 1 Januari 1967 mali za UMHK nchini zilipita mikononi mwa kampuni ya serikali, ambayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970 imejulikana kwa jina la Gécamines. Kwa upande wa maji, mabadiliko haya yalikuwa na maana moja kubwa. Zamani mtoa idhini alikuwa mbia wa mwombaji. Sasa mtoa idhini na mwombaji wakawa mtu mmoja. Dola iliyopaswa kukagua kiwanda ndiyo iliyokuwa mwenye kiwanda, na kiwanda hicho kilikuwa chanzo kikubwa cha fedha zake za kigeni. Amri za 1914, 1952, 1953 na 1959 hazikufutwa. Zilikaa katika vitabu, zikisubiri wa kuzitumia.

Wakaaji nao walikuwa na sababu ya kutosema. Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kazi yake ya mwaka 2001 kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga, ameeleza namna kampuni ilivyojiweka katika nafasi ya baba: ilitoa nyumba, poso, shule, hospitali na hata mpangilio wa maisha ya ndoa. Msemo wa makambini kwamba kazi njo baba, njo mama ulikuwa ukweli wa kila siku. Mtoto hamshtaki baba kwa maji anayomwaga nyuma ya nyumba, hasa ikiwa baba huyohuyo ndiye anayelipa daktari.

Lakini baba alidhoofika. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Uporaji wa 1991 na kufukuzwa kwa watu wa asili ya Kasai katika miaka ya 1992 na 1993 viliondoa mafundi na vifaa. Mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mtu angetarajia kwamba kiwanda kikipungua, mto utapona. Mambo hayakwenda hivyo. Matope yaliyotuama kwa miongo kadhaa yalibaki pale pale, na kila mvua kubwa iliyachukua tena. Tena waliokosa mshahara waligeukia kilimo cha kando ya mito, uvuvi na uchimbaji wa mikono, na madini yaliyochimbwa kwa mikono yalioshwa katika mito hiyohiyo. Mwisho wa mfereji uliongezewa watu wakati uleule mwanzo wake ulipokosa mwangalizi.

Sheria Mpya, Maji Yaleyale

Karne ya 21 ilileta wimbi la sheria. Sheria ya madini ya tarehe 11 Julai 2002 na kanuni zake za tarehe 26 Machi 2003 ziliwataka wenye migodi kuwasilisha mipango ya mazingira, na waliokuwapo kabla ya sheria hiyo watoe mipango ya kujirekebisha. Viambatisho vya kanuni hizo viliweka, kwa mara ya kwanza kwa namna ya wazi, masharti ya maji yanayotoka mgodini na kiwandani. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 iliingiza kanuni kwamba mchafuzi ndiye mlipaji. Amri ya tarehe 29 Mei 2013 iliweka utaratibu mpya wa majengo ya kazi yenye hatari, uwanja uleule wa amri ya 1953. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilianza kuyatazama maji kwa mabonde ya mito, si kwa mipaka ya kiwanja cha mwenye idhini. Na marekebisho ya sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 yalitamka kwamba mwenye haki ya madini atafidia madhara yaliyosababishwa na shughuli zake kwa watu, mali na mazingira hata pasipo kosa au uzembe wake.

Kifungu hicho cha mwisho kina uzito wa pekee kwa watu walio mbali na ofisi. Kabla yake, mvuvi wa Tshangalele alipaswa kuthibitisha si madhara tu, bali pia kosa: kwamba siku fulani, fundi fulani hakutia chokaa ya kutosha. Hilo halikuwa ndani ya uwezo wake. Kifungu kipya kinamwondolea mzigo wa kosa, ingawa kinamwachia mzigo wa kuonyesha kwamba metali iliyo katika samaki wake imetoka katika mfereji fulani, si katika mwingine. Katika bonde lenye takataka za karibu karne nzima, za kampuni iliyokwisha kuondoka, kampuni ya serikali na kampuni mpya za watu binafsi, mzigo huo nao si mwepesi.

Tukio moja linaonyesha umbali uliopo kati ya amri na mto. Novemba 2007 ilifahamika kwamba shehena ya tani kumi na kadhaa za madini yenye mnururisho, iliyokuwa imekamatwa Likasi na kuamriwa ipelekwe kwenye mgodi uliofungwa wa Shinkolobwe, haikufika huko; ilitupwa katika mto Mura, karibu na mji. Serikali iliagiza uchunguzi. Katika tukio hilo hakuna sheria iliyokosekana. Amri ilikuwapo, madini yalikuwa yamepimwa, na mahali pa kuyapeleka palikuwa pametajwa. Kilichoshinda ni mazoea ya karibu miaka mia: kwamba kitu kisichotakiwa, kikikosa pa kwenda, kina mto.

Hitimisho

Historia ya Panda haithibitishi kwamba kanuni hazina faida. Kanuni za usafi wa kambi zilipunguza vifo, na hilo lisidharauliwe. Inathibitisha kwamba kanuni hulinda kile ambacho mtungaji wake alikiona. Mtungaji wa 1914 aliona chemchemi, wa 1959 aliona ua na choo, na wa 2003 aliona bomba la kiwanda. Mvuvi, mkulima wa matopeni na mtoto anayekula samaki wa Tshangalele waliingia katika sheria kwa majina yao ya jumla, yaani watu, mali na mazingira, mwaka 2018 tu, baada ya kuwa wamekwisha kuingia katika majedwali ya madaktari.

Mambo mawili yanafuata kutokana na uchunguzi huu. Kwanza, mto unaofanya kazi ya mfereji unapaswa ama kuachishwa kazi hiyo ama kupewa kanuni kamili za mfereji, pamoja na mtambo wa kusafishia, msimamizi, na orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuingia, ikitaja kila metali kwa jina badala ya kutosheka na uchachu wa maji. Pili, kanuni hizo zinapaswa kusomeka katika Kiswahili. Si suala la heshima ya lugha tu. Mwanakijiji wa Kapolowe anayejua kwa lugha yake ni kiasi gani cha shaba au kobalti kinachoruhusiwa katika lita moja ya maji ana swali la kumwuliza mkaguzi. Asiyejua ana malalamiko tu, na malalamiko hujibiwa kwa pole.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa maji ya Panda methali hiyo ni kweli kwa metali zilizokwisha kutuama chini ya ziwa, lakini haiwi hoja kwa yale ambayo bado yamo ndani ya mabirika ya kiwanda. Hayo yana mwenyewe, yana kipimo, na chokaa ya Kakontwe iko karibu.